Kongoi: Neno dogo la mashamba ya chai linaloweza kukurudishia raha ya kila siku

Huna kazi, bonasi imeshuka na status za mabeste zinakuumiza roho? Kabla hujakata tamaa, kuna tabia moja ya wazee wetu wa Kericho na Bomet ambayo hata watafiti wameipima na kukubali kwamba inasaidia.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huku kwetu Konoin, Kaunti ya Bomet, ukungu huwa bado umelala juu ya majani chai. Umande ni baridi mpaka vidole vinakufa ganzi kabla majani hayajafunika hata chini ya kikapu. Umevaa gambuti, umejifunga karatasi ya nailoni kiunoni, na bado maji yanakuingia. Si mahali ambapo ungetarajia kusikia mtu akisema asante.

Lakini nyanya yangu, ambaye sisi humwita gogo, akifika kwenye mstari wa kwanza husema neno moja kabla hajachuna chochote: “Kongoi.” Kwa wasiojua Kikipsigis, hiyo ni asante.

Siku moja nilimuuliza, tena kwa hasira kidogo: “Gogo, unamshukuru nani na hatujachuna hata jani moja?”

Hakunigeukia. Alikuwa ameshaanza kuchuna. “Nimeamka,” akasema. “Magoti yamekubali kunileta mpaka hapa. Majani yameota. Wewe lakwet unataka nisubiri nini?”

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani miezi minne tu baada ya kumaliza chuo Nairobi. Nilikuwa nimetuma barua za kuomba kazi mpaka nikapoteza hesabu. Kodi ya nyumba ilinishinda, nikafunga virago. Sasa nilikuwa na digrii ndani ya bahasha na kikapu mgongoni. Jioni nikishika simu, WhatsApp ilikuwa inanichapa vizuri: huyu amepata kazi benki, yule yuko Dubai, mwingine amehamia keja mpya yenye lifti. Nilikuwa nalala nikipiga hesabu ya kila kitu nilichokosa.

Kama na wewe uko hapo, makala haya ni yako. Sikuletei mahubiri. Nakusimulia tu kitu nilichojaribu, kilichofanya kazi, kisichofanya kazi, na kile ambacho mtu yeyote asikudanganye kuhusu shukrani.

Kwa nini bonasi haitoshi kamwe

Mtu wa sehemu za chai anaijua Oktoba. Bonasi ikiingia, Litein inajaa, Kapkatet inajaa, Mogogosiek hupati mahali pa kuegesha bodaboda. Mabati mapya yanapakiwa, simu mpya zinafunguliwa, nyama inakatwa kwa kilo. Kila mtu anacheka.

Sasa njoo Januari. Mabati ni yale yale, simu ni ile ile, lakini hakuna anayeyaona tena. Yamekuwa ya kawaida. Karo ya shule imefika na roho ya mtu imerudi pale pale ilipokuwa Septemba.

Hilo si tatizo la watu wa chai peke yao. Mwaka 1978 watafiti watatu nchini Marekani, wakiongozwa na Philip Brickman, waliwahoji watu walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois na kuwalinganisha na majirani wao ambao hawakushinda chochote. Washindi hawakuwa na furaha kubwa kuliko majirani. La kushangaza zaidi, walipoulizwa kuhusu raha ndogondogo kama kupiga gumzo na rafiki, kula kiamsha kinywa au kusikia kichekesho, washindi ndio walioonja raha ndogo zaidi.

Binadamu huzoea. Jambo zuri likikaa, jicho linaacha kuliona. Na jicho likiacha kuliona, ni kama halipo. Shukrani, ukiitoa kwenye mambo ya maombi na maadili, ni hiyo tu: kulirudisha jicho kwenye kitu kilichozoeleka.

Unajipima na nani?

Kuna mtu mmoja wa Kericho ambaye kila kijana anayekimbia anafaa kumjua. Wilson Kiprugut Chumo ndiye Mkenya wa kwanza kushinda medali ya Olimpiki. Ilikuwa Tokyo, mwaka 1964, mbio za mita 800, na medali ilikuwa ya shaba. Miaka minne baadaye, Mexico 1968, alipata fedha katika mbio hizo hizo. Alifariki mwaka 2022.

Angalia jambo hili. Huku kwetu hakuna anayewasimulia watoto kwamba Tokyo kuna wanaume wawili waliompita Kiprugut. Tunasimulia kwamba alifungua njia. Lakini angekuwa ni sisi, siku hizi, tungeshinda tukitazama video ya wale wawili.

Mwaka 1995 watafiti Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich walichapisha utafiti wao kuhusu wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Waliwaonyesha watu video za washindi bila kuwaambia nani amepata nini, wakawaomba wakadirie furaha iliyo usoni. Walioshinda shaba walionekana kuwa na furaha kuliko walioshinda fedha! Maelezo ya watafiti ni rahisi: wa fedha anamtazama wa dhahabu na kusema “ningefika”, wa shaba anatazama nyuma na kusema “ningekosa kabisa.”

Status za WhatsApp na video za TikTok zinatufanya sote kuwa watu wa fedha. Kila ukifungua simu, kuna mtu amekutangulia kwa hatua mbili. Na hakuna anayeposti siku aliyolala njaa.

Utafiti unasema nini hasa

Mwaka 2003, Robert Emmons wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na mwenzake Michael McCullough walichapisha utafiti ambao mpaka leo unatajwa sana. Waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru. La pili liliandika mambo yaliyowasumbua. La tatu liliandika mambo yoyote yaliyotokea.

Mwishoni, waliokuwa wakiandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi, walikuwa na matumaini zaidi kuhusu wiki inayokuja, na hata walifanya mazoezi ya mwili zaidi kuliko waliokuwa wakiorodhesha shida. Wote walikuwa wanafunzi. Tofauti ilikuwa kalamu yao ilikuwa inatafuta nini.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 2021 watafiti wengine, David Cregg na Jennifer Cheavens, walikusanya tafiti nyingi za aina hii na kuzipima pamoja. Waligundua kwamba kwa mtu mwenye dalili za mfadhaiko au wasiwasi mwingi, mazoezi ya shukrani husaidia kidogo tu. Kwa hivyo kama huzuni imekukalia wiki baada ya wiki, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usiambiwe “shukuru tu.” Tafuta mtu unayemwamini umwambie leo, kisha uende hospitali. Hakuna aibu.

Nilivyojaribu na kushindwa

Nyumbani tuna daftari tunaloandikia kilo za kila siku. Unapima majani kituoni, unapewa risiti, ukifika nyumbani unanakili, ili mwisho wa mwezi mtu asikuzungushe. Nikaligeuza upande wa nyuma na kuanza kuandika mambo matatu kila usiku.

Usiku wa kwanza: afya, familia, uhai. Usiku wa pili: familia, uhai, afya. Usiku wa tatu nilikuwa naandika kama mtu anayejaza fomu ya kuomba basari. Sikusikia chochote moyoni. Wiki ya pili nikaacha.

Gogo ndiye aliyenirudisha bila kujua. Jioni moja tukiwa jikoni, namchochea moto, alianza kutaja mambo yake ya siku hiyo kama kawaida. Hakusema “afya.” Alisema: “Mvua ya mawe ilipita ng'ambo ya mto, haikugusa majani yetu. Yule kijana wa lori alitungojea. Ile ng'ombe nyekundu imekubali kukamuliwa na mama yako.”

Hapo nikaelewa kosa langu. Nilikuwa nashukuru kwa jumla, na jambo la jumla halina ladha. Mkulima wa chai hapimi “shamba.” Anachuna majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, tena na tena. Inachukua zaidi ya kilo nne za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyokauka. Haba na haba hujaza kibaba.

Nikaanza upya, safari hii kwa udogo. “Leo maji ya kuoga yalikuwa moto.” “Mama aliniachia mursik kwenye sotet, hakuwapa wageni yote.” “Mtoto wa jirani ameniita mwalimu kwa sababu nilimsaidia hesabu.” Sikuandika kila siku tena. Niliandika Jumapili jioni peke yake. Baadaye nilisoma kwamba hata hilo lina ushahidi: Sonja Lyubomirsky na wenzake waligundua kwamba watu waliohesabu baraka zao mara moja kwa wiki ndio waliofaidika, si wale waliofanya mara tatu. Ukilifanya kila mara linageuka kazi ya darasani.

Je, maisha yalibadilika? Kazi haikuja. Lakini kuna kitu kilitokea katikati ya wiki: nikiwa shambani nilianza kuona mambo na kujisemea, “hili nitaliandika Jumapili.” Nilikuwa nimeanza kuwinda mazuri. Siku ambayo zamani ilikuwa ndefu na ya kijivu sasa ilikuwa na vitu ndani yake.

Deni la shilingi elfu sita

Jumapili moja niliandika jina la mzee fulani, jirani yetu, kisha kalamu ikakwama.

Nikiwa kidato cha tatu nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Ilikuwa Juni, bonasi iko mbali, na pesa za majani za mwezi huo zilikuwa zimeisha. Nilikaa nyumbani wiki moja na siku mbili. Kisha asubuhi moja mama akaniambia nifungashe. Nilirudi shule, nikasahau. Miaka mingi baadaye, katika mazungumzo tu, mama alinidokezea kwamba mzee huyo alikuwa amempa shilingi 6,000 kutoka malipo yake ya mwezi. Naye si mtu wa shamba kubwa. Mama alimlipa polepole mpaka zikaisha.

Deni la pesa liliisha. Deni la asante lilikuwa bado. Nilikuwa nimempita mzee huyo njiani mara elfu, “Chamgei”, yeye naye anaitikia, na mimi naenda zangu.

Kusema kweli niliona aibu. Nitaanzaje? Ataona nimekuja kuomba kitu. Ataona ni mambo ya watu wa mjini. Nilizunguka na hilo jambo wiki tatu nzima. Siku niliyoenda nilimkuta akirekebisha ua. Nikamsalimia, nikasimama pale, nikasema kwa haraka: “Mzee, zile pesa ulizompa mama nikiwa kidato cha tatu, ndizo zilinirudisha shule. Sikuwahi kukuambia. Kongoi mising.”

Alinyamaza. Akaweka nyundo chini. Akasema, “Kumbe ulijua?” Kisha akamwita mkewe kutoka jikoni ili niseme tena na yeye asikie. Nikasema tena. Nilikunywa chai vikombe viwili nikiwa nimelazimishwa.

Wiki mbili baadaye mama alinieleza kwamba mzee ameshamsimulia habari hiyo mara tatu. Na mimi, niliyekuwa nimeenda kutoa, nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa mwepesi kuliko siku yoyote tangu nitoke Nairobi. Hata bila kazi, kulikuwa na watu walioamini nilistahili kusoma, na wangali hapa, umbali wa kutembea.

Kumbe ile aibu yangu si yangu peke yangu. Mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha utafiti ambapo watu waliandika barua za shukrani kwa wengine na kukadiria zitapokewaje. Waandishi walifikiri mpokeaji ataona haya zaidi kuliko ilivyokuwa, na hawakujua ni kiasi gani atashangaa na kufurahi. Yaani tunanyamaza kwa kuogopa kitu ambacho hakipo.

Kushukuru si kunyamaza

Sasa hapa ndipo nataka tusikilizane, kwa sababu neno “shukuru” limetumika vibaya sana katika mashamba ya chai.

Unamjua msimamizi anayesema “shukuru una kazi, wengi wanaitaka.” Februari 2023 BBC ilitangaza makala ambamo wanawake zaidi ya 70 walisimulia kudhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba makubwa ya Kericho. Mwaka huo huo vijana walichoma mashine za kuchuna majani, wakisema zimewanyang'anya vibarua. Na kila Oktoba, wakulima wa Kericho na Bomet huuliza kwa nini bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa Kirinyaga, Nyeri na Murang'a.

Mtu akikuambia ushukuru ili usiulize maswali hayo, hiyo si shukrani. Hiyo ni kufungwa mdomo. Shukrani ya kweli inatoka kwako kwenda kwa aliyekutendea wema. Haidaiwi na aliye juu yako.

Gogo alinifundisha hilo Oktoba iliyopita, bila hotuba. Bonasi ilikuwa imeshuka na wakulima waliitwa mkutanoni. Watu walipiga kelele mpaka mwenyekiti akashindwa. Gogo aliinua mkono, akasubiri, akapewa nafasi. Alisema: “Kongoi kwa vijana wa lori na wa mizani, mwaka mzima hamjaacha majani yangu kuharibikia kituoni. Sasa nyinyi mlio mbele, nisomeeni pesa zangu zilikwenda wapi, moja baada ya nyingine. Nina daftari hapa.”

Akalitoa. Lile daftari. Kilo upande mmoja, maandishi yangu ya Jumapili upande wa pili.

Ukumbi ulinyamaza. Hakupata jibu lote siku hiyo, lakini aliahidiwa hesabu kwa maandishi, na watu wengine wakaanza kuuliza kwa tarakimu badala ya kelele. Nilielewa kwamba mtu anayehesabu mazuri yake kwa makini ndiye pia anayejua hasa amepunjwa nini. Jicho ni moja.

Unaweza kuanza hivi

Chagua siku moja kwa wiki. Andika mambo matatu mpaka matano, lakini yawe madogo na yenye jina. Si “marafiki”, bali “beste yangu alinitumia mia mbili ya nauli bila kuuliza.”

Andika pia nani alihusika. Karibu kila jambo zuri lina mkono wa mtu ndani yake.

Mara moja kwa mwezi, mwambie mmoja wao. Uso kwa uso ikiwezekana. Ikishindikana, mpigie simu au mtumie ujumbe. Taja alichofanya na kilikusaidiaje. Usiombe kitu siku hiyo hiyo, la sivyo itakuwa asante ya punda.

Punguza kutazama status usiku kabla ya kulala. Ukishindwa, jikumbushe kwamba unatazama medali za watu, huoni mazoezi yao.

Na ukiwa na jambo la kudai, lidai. Kongoi na “hesabu yangu iko wapi” zinaweza kutoka mdomo mmoja.

Mimi bado natuma barua za kazi. Wiki iliyopita niliitwa kwa mahojiano Kericho, bado sijajibiwa. Leo asubuhi ukungu ulikuwa mzito na vidole vikafa ganzi kama kawaida. Tulipofika kwenye mstari wa kwanza, gogo alikuwa bado anapumua kwa sababu ya mlima, hajasema kitu.

Nikatangulia mimi. “Kongoi,” nikasema.

Akacheka. “Haya,” akasema, “basi chuna.”